Vichwa vya Mama Mkwe

Masharti yalikuwa kumi na moja. Bibi Samaki aliyabandika kwenye mlango wa kabati la vyombo, kwa imani kwamba adui yako ni heri umwone kila unapochukua kikombe. Yalikuwa masharti ya shahada ya uzamili kwa utafiti, sayansi ya uvuvi: shahada ya kwanza, uzoefu wa kazi, andiko la utafiti lililopitishwa na idara, mtihani wa takwimu, kibali cha kuchukua samaki, semina mbili mbele ya watu wasiotaka kuwepo, makala moja iliyokubaliwa na jarida, ripoti kila miezi sita, hati ya kuthibitisha kwamba hukuiba maneno ya mtu, na tasnifu yenyewe, kurasa mia na arobaini. Hayo kumi yalikuwa yamekatwa kwa kalamu ya kijani. La kumi na moja lilisema mwanafunzi aonyeshe sampuli zake halisi mbele ya jopo, na msimamizi wake aridhike.

Hilo neno "aridhike" ndilo lililokuwa na meno.

Bibi Samaki halikuwa jina lake, lakini miaka kumi na moja ya kukagua nyavu na kupima samaki bwawani ilikuwa imelifuta lile alilopewa na wazazi. Kazini walimpa ruhusa ya miaka miwili akasome, na barua ya ruhusa ilisema wazi: ukirudi na shahada, utakuwa mkuu wa kituo; ukirudi mikono mitupu, utahesabu makreti chini ya mkuu aliyepo. Mkuu aliyepo alikuwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika mizani. Usajili wake chuoni ulikuwa unakufa Ijumaa saa kumi jioni. Alikwisha kuongezewa muda mara mbili, na mara ya pili karani wa usajili alimwambia kwamba ya tatu huombewa kaburini.

Na msimamizi hakutaka kuridhika. Alikuwa na sababu nzuri sana, nayo ilikuwa yeye mwenyewe.

Samaki ana vijiwe viwili kichwani, ndani ya masikio, na kila kijiwe kina miduara kama ya shina la mti. Miaka ishirini iliyopita Profesa, msimamizi huyo, aliandika kitabu chenye jalada la bluu, akasema kila mduara ni mwaka mmoja wa maisha ya perege wa bwawa lile. Kitabu kikampa uprofesa, uprofesa ukampa kiti kinachozunguka, na tangu hapo hakuna aliyerudi kuhesabu. Sasa miaka minne iliyopita, kabla hata ya kuwaza kusoma, Bibi Samaki aliachia bwawani vifaranga elfu tano vya perege asubuhi moja, kila kimoja akiwa amekikata pezi la tumbo la kushoto kwa mkasi wake ili akijue siku nyingine. Alipowavua tena baada ya miaka mitatu, akakuta miduara sita. Kila mwaka lango la bwawa hufunguliwa mara mbili kumwagilia mashamba, maji yanashuka, samaki wanashinda njaa mara mbili, na mwili unaandika njaa mara mbili. Samaki wa miaka mitatu, miduara sita. Ama samaki walikuwa waongo, ama kitabu cha bluu.

*

Jumatatu ile Profesa alimpokea bila kumkaribisha kukaa. Kiti cha mgeni kilikuwa na mafaili, na mafaili hayo yalikuwa hapo kila alipokuja yeye. Wengine wakija, kiti kilikuwa kitupu. Akasimama mbele ya meza kama mtuhumiwa, tasnifu kifuani.

Profesa aliipekua kwa kidole kimoja, kama mtu anayegeuza samaki asiyemwamini sokoni. Akasema jedwali ni jedwali tu, hata yeye anaweza kuchora. Akasema picha siku hizi zinatengenezwa. Akavuta bahasha zenye vijiwe mia na themanini, zenye namba na tarehe, akazitikisa sikioni.

"Hivi vinaweza kuwa vya samaki yeyote, bibie. Vinaweza kuwa vya samaki wa babu yako."

"Nilivitoa mbele ya fundi wa maabara, Profesa. Ameweka sahihi."

"Fundi wa maabara hana kitabu." Akamsogezea karatasi ya masharti. "Nisomee la mwisho. Kwa sauti."

Akalisoma. Profesa akamwomba arudie neno la mwisho, akalirudia, kama mtoto wa darasa la kwanza, na mlango ulikuwa wazi na wanafunzi wawili walikuwa wamesimama nje wakingoja zamu, wakitazama viatu vyao kwa bidii.

"Basi nitaridhika hivi," alisema. "Ijumaa saa tatu, mbele ya jopo, nataka samaki. Kichwa na alama yako ya pezi vikiwa pamoja kwenye mwili mmoja, vijiwe vikiwa bado ndani. Nitavitoa kwa mkono wangu. Ukikosa, usinipotezee muda."

Alisema hivyo akijua kwamba friza ya idara ilijaa ghafla wiki ile ile Bibi Samaki alipoonyesha matokeo yake ya kwanza, na kwamba samaki wake walitolewa wakaachwa koridoni kwenye ndoo. Jambo asilolijua ni kwamba ishirini na wawili waliokolewa. Walikuwa wamelala nyumbani kwake, kwenye friza ya familia, kila mmoja na karatasi ya namba chini ya shavu.

*

Nyumbani, samaki hao walikuwa wameleta vita ya miezi minane.

Mumewe alikuwa fundi friji, mtu mpole, mwenye mikono inayonuka gesi na ahadi nyingi kuliko siku za wiki. Mama yake fundi, mama mkwe, aliishi nao tangu magoti yalipomkataza ngazi za kwake, na alikuja na mashine yake ya kushona, sufuria yake kubwa ya bati nzito, na maoni yake. Friza ile aliinunua mwanawe kwa ajili yake, ili aweke nyama na maboga yake. Sasa ilikuwa na maiti ishirini na mbili zenye namba, na juu ya mfuniko karatasi: USIGUSE.

"Mimi nimezaa watoto watano," mama mkwe alipenda kusema, akiiambia friza, "na hakuna hata mmoja aliyepewa namba."

Bibi Samaki alimjibu mara moja tu, mwezi wa kwanza, kwamba wangepewa labda mmoja asingepotea na fedha za kanisa. Na kwa jibu hilo alinyimwa salamu ya asubuhi kwa wiki sita. Tangu hapo alijifunza kunyamaza, na mama mkwe akajifunza kusema maradufu ili nafasi isikae bure.

Waligombana pia juu ya vichwa. Mama mkwe alikuwa na sheria jikoni: kichwa cha samaki ni cha mpishi. Na kwa kuwa mpishi alikuwa yeye, alikata kichwa pamoja na mabega, kisu kikipita nyuma sana, karibu nusu ya samaki, ndipo akawagawia wengine kilichobaki. Fundi alikua akidhani samaki huanzia kiunoni. Bibi Samaki, ambaye kazi yake ilikuwa kumpasua samaki mahali panapostahili, hakuweza kuutazama ukataji ule bila kugeuza uso, na aliwahi kumwambia kwamba hata fisi humwachia mwenzake shingo. Hilo nalo lilimgharimu salamu.

*

Alhamisi alitoka asubuhi kuchapisha nakala nne za tasnifu na kuzijalidi. Aliporudi saa nane mchana alisikia vicheko kabla ya kufika mlangoni, na kabla ya vicheko alisikia harufu.

Wanawake sita wa kikundi cha kushona cha mama mkwe walikuwa wamejaa sebuleni, vidole vikimeta mafuta. Kwenye sahani kulikuwa na miiba iliyosafishwa vizuri. Mmoja wao alimkaribisha kwa ukarimu, akamwambia samaki wameisha lakini mchuzi upo, na kwamba amebahatika kupata mama mkwe mwenye mkono kama ule.

Alienda jikoni. Friza ilikuwa wazi, imekauka, imepanguswa. Karatasi ya USIGUSE ilikuwa imekunjwa vizuri kando yake. Kwenye pipa la taka kulikuwa na karatasi ndogo ishirini na mbili, na namba zake zilikuwa zimeyeyuka zikawa madoa ya bluu.

Mama mkwe alimfuata akiburuta ndala, akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Hakuonekana kuwa na haja ya kuombwa maelezo.

"Friza imekufa tangu jana usiku. Maji yamefika mpaka chini ya meza. Ulitaka nikae nisikilize samaki wakioza?"

"Mama, niliandika usiguse."

"Uliandika usiguse. Hukuandika waache waoze. Mimi najua kusoma, mkamwana, usidhani kurasa zako mia ndizo kurasa peke yake duniani."

Fundi aliingia wakati huo huo, mkoba wa vifaa begani, akaona friza, akaona uso wa mkewe, na rangi ikamtoka. Hakuulizwa, alisema mwenyewe. Jumatano jioni mteja wa bucha alikuwa analia nyama yake itaharibika, na kifaa kidogo cha kuwashia mashine hakikupatikana dukani, basi akachomoa cha friza yao akampa, akisema atarudisha kingine asubuhi inayofuata. Asubuhi akaitwa kwingine. Akasahau.

Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba humwua mgonjwa wa nyumbani ili amponye wa jirani. Bibi Samaki aliushusha mfuniko wa friza.

"Umeokoa nyama ya mtu wa bucha," alisema, taratibu sana.

"Mke wangu, nitakutafutia samaki wengine. Leo hii. Niambie tu ni wa aina gani."

"Walioachiwa miaka minne iliyopita. Nenda kawatafute."

Fundi akakaa juu ya ndoo. Sebuleni wanawake walikuwa wameacha kucheka, kwa heshima ile ya watu wanaotaka kusikia vizuri. Bibi Samaki akaziokota karatasi zile pipani moja moja, bila kujua ni za nini sasa, akazipanga juu ya meza. Kichwani mwake alikwisha kuanza kuhesabu makreti.

"Na usikae hapo ukaanza kufunua funua," mama mkwe alisema. "Vichwa vyangu viko kwenye sufuria. Nimevitia chumvi nikavichemsha mara moja visilale vibichi. Ni vya kesho."

Mkono wa Bibi Samaki ukasimama mezani.

"Vichwa vingapi, Mama?"

"Vyote. Kichwa ni cha nani nyumba hii? Wageni wamekula mikia, na wameshukuru. Tena samaki wenyewe walemavu, wote wana pezi moja la tumbo. Nilifikiri umeokota waliotupwa."

Bibi Samaki alikwisha kufika kwenye jiko. Alifunua. Ndani, katika maji meupe ya chumvi, vichwa ishirini na viwili vilimtazama, kila kimoja na mabega yake, kimekatwa nyuma sana, kinyume cha kila somo la upasuaji alilowahi kufundisha. Na kwa kuwa mapezi ya tumbo ya perege yako mbele, karibu na koo, yote yalikuwa yamebaki upande wa kichwa. La kulia lilikuwepo. La kushoto halikuwepo. Pale lilipokuwa palikuwa na kovu laini lililofungwa zamani.

Alitaka kucheka na alitaka kumpiga mtu, na hakuna kati ya hayo alilolifanya.

"Navichukua," alisema.

"Huvichukui. Ni chakula changu."

"Mama, nitakununulia vichwa vya mwezi mzima."

"Sitaki vya kununua, vya sokoni hukatwa shingoni kama vya kuku." Mama mkwe alisogea akashika mkono mmoja wa sufuria, Bibi Samaki akashika wa pili, na kwa kitambo wanawake wa kikundi cha kushona walipata tamasha walilolisimulia hadi mwaka ule ulipoisha. Aliyeamua ni fundi. Alinyanyuka juu ya ndoo, akamwambia mama yake, bila kumtazama, kwamba kosa ni lake yeye mwana, na kwamba kama vichwa haviendi chuoni kesho basi yeye hatakula tena jikoni humo. Mama mkwe akaachia. Hakuachia kwa huruma. Aliachia kwa mshangao, maana mwanawe hakuwa amewahi kumaliza sentensi ndefu hivyo mbele yake.

"Sufuria hiyo niliinunua kabla akili yako haijazaliwa," alimwambia mkamwana. "Irudi."

*

Ijumaa saa tatu, fundi alibeba sufuria ikiwa ndani ya ndoo ya barafu mpaka mlango wa chumba cha jopo, akaiweka chini, akajifuta jasho, akakaa kwenye benchi la nje. Ndani walikuwa watatu: Profesa, Mwenyekiti wa idara, mwanamke mzito wa maneno aliyekuja na chupa yake ya chai, na mtahini wa nje, mzee mwembamba mwenye kikohozi, ambaye hakuwa na rafiki wala adui chumbani humo na alitaka kuwahi basi la saa saba.

Bibi Samaki alitandika magazeti juu ya meza, akaweka sufuria, akafunua.

Profesa alichungulia. Kisha akageukia wenzake, akawauliza kama hii ni idara ya uvuvi au mgahawa, na kama kuna ndimu. Mwenyekiti alicheka puani. Profesa akaona mlango umefunguka, akaingia nao: akasema miaka thelathini ameona wanafunzi wavivu na wanafunzi waongo, lakini hajawahi kuletewa utafiti uliokolezwa chumvi. Akasema samaki wamechemshwa, kwa hiyo si sampuli. Akauliza namba ziko wapi.

"Namba zimepotea, Profesa."

"Zimepotea." Alilitamka polepole, kama mtu anayeonja. "Umesikia, Mama Mwenyekiti? Hajui kichwa hiki ni cha samaki yupi."

"Sihitaji kujua," Bibi Samaki alisema. "Namba ni ya kumtenga mmoja na mwenziwe. Hawa waliachiwa asubuhi moja. Wana umri mmoja wote, kama watoto wa tumbo moja. Chagua yeyote."

Mtahini wa nje aliacha kutazama saa.

"Na wamechemshwa," Profesa alisema.

"Kitabu chako cha bluu, ukurasa wa thelathini na moja. Umetuambia tuvunje kijiwe, tukipitishe kwenye moto mpaka kiwe rangi ya kahawia, ndipo miduara ionekane vizuri. Kama moto wako hauifuti, maji ya mama mkwe wangu yataifutaje?"

Mwenyekiti akanywa chai ili asionekane uso. Profesa alikuwa na moja bado. Akainua kichwa kimoja kwa kibano, akakigeuza, akasema pezi hili linaweza kuwa limenyofolewa jana kwa kisu cha jikoni. Nani hata alikata hivi? Hakuna mtu aliyesoma samaki anayekata namna hii.

"Hajasoma," alijibu. "Anapenda mabega. Tazama ngozi, Profesa. Jeraha la jana halina magamba."

Mtahini wa nje akanyoosha kidole kirefu, akakipitisha juu ya kovu, akakohoa. Akasema ni la zamani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi, kwamba anavyoelewa yeye, Profesa aliahidi kuvitoa vijiwe kwa mkono wake.

Hapakuwa na pa kupitia tena. Profesa akavaa glavu. Akapasua fuvu la kwanza, na mkono wake, haki ya Mungu, ulikuwa mzuri. Pale Bibi Samaki alikumbuka kwamba mtu huyu aliwahi kuijua kazi. Akatoa kijiwe, akakivunja, akakichoma, akakiweka chini ya hadubini, akainama. Akakaa pale muda ambao ungetosha kuhesabu mpaka mia.

"Ngapi?" Mwenyekiti aliuliza.

Profesa alipasua cha pili. Akapasua cha tatu, cha nne, akichagua sasa, akitafuta chini ya sufuria kama mtu aliyepoteza pete. Kila mara aliinama kwa matumaini na kila mara aliinuka bila kitu. Kwenye cha tisa mtahini wa nje alimwomba ampishe, akachungulia mwenyewe, akaandika kwenye daftari lake, akaligeuza ili wote waone. Sita.

"Tisa kwa tisa," alisema. "Mimi nina basi."

Profesa alivua glavu kidole kimoja kimoja. Akavuta fomu, akasaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi, na kwenye nafasi ya maoni akaandika kwamba msimamizi ameridhika, ila mwanafunzi hana nidhamu ya maabara. Bibi Samaki akanyoosha mkono kuichukua sufuria.

"Acha," Profesa alisema. "Kanuni za idara. Sampuli iliyoonyeshwa mbele ya jopo hubaki idarani miaka mitano, katika chombo chake."

"Chombo ni cha mtu, Profesa."

"Basi mtu huyo aombe kwa barua."

Alimtazama, akaitazama saa ya ukutani, akafikiria karani wa usajili na foleni yake. Akachukua fomu yenye tundu, akaondoka.

*

Jioni mama mkwe alikuwa jikoni, amekaa mbele ya jiko tupu, akingoja. Hakuuliza habari za jopo. Fundi alijaribu kusema kwamba mambo yamekuwa mazuri, kwamba fomu imepigwa muhuri saa tisa na dakika ishirini, kwamba mkewe sasa ni mkuu wa kituo mtarajiwa. Mama yake alimsikiliza kama anavyosikilizwa muuza vitana na mtu mwenye kipara.

Bibi Samaki alikwenda kwenye mlango wa kabati, akachukua kalamu ya kijani, akakata sharti la kumi na moja. Mstari ulitoka umepinda. Akasimama hapo kidogo, akiitazama orodha yote ya kijani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akavuta pumzi ikafika chini.

"Sufuria iko wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Imebaki idarani, Mama. Imekuwa sampuli. Miaka mitano."

Bibi Samaki akageuka, na kwa kuwa alikuwa amechoka mno kuendelea na vita, akasema jambo ambalo hakuwahi kudhani atalisema: kwamba kama vichwa vile vingekatwa shingoni, kama anavyokata yeye, leo angekuwa amerudi kuhesabu makreti.

Mama mkwe alilipokea hilo bila tabasamu, kama mtu anayepokea deni lililochelewa. Akanyanyuka kwa kushika meza, magoti yakilia, akavuka jikoni, akaichukua kalamu mkononi mwa mkamwana. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa watu waliosoma kwa vibao. Chini ya sharti la kumi na moja, akaandika la kumi na mbili: Sufuria yangu. Akaweka nukta.

"Huko kwenu wamekuhitimisha," alisema, akimrudishia kalamu. "Hapa bado."